Baba ana ini lenye makovu, hospitali wanataka kumpa dripu ya "nano": tukubali?

Shikamoo Mama Mfamasia,

Mimi nafanya biashara ya karanga na alizeti hapa Kibaigwa. Ni mtoto wa kwanza kwa baba yangu, ndiyo maana mzigo huu umeniangukia mimi. Baba ana miaka 61. Mwaka juzi alivimba tumbo na miguu, tukampeleka Dodoma mjini, wakamkuta na homa ya ini aina ya B ambayo inaonekana amekaa nayo miaka mingi bila kujua, mpaka ini limejaa makovu na kusinyaa. Walimtoa maji tumboni, wakamwanzishia tenofoviri ya kila siku na propranololi. Akapata nafuu, akarudi hata shambani.

Mwezi uliopita alitapika damu usiku. Tukakodi gari mpaka mjini. Wakampitisha mpira kooni wakaona mishipa imevimba kwenye koo la chakula, wakaifunga. Aliongezewa damu chupa mbili, akaruhusiwa akiwa na HB, kipimo cha wingi wa damu, ya 7.4. Mimi nilidhani wangemwongezea mpaka ijae, lakini daktari akasema basi, damu inatosha, arudi baada ya wiki mbili apewe madini ya chuma kwa dripu. Akatueleza kuwa ni dawa ya kisasa, chuma kimetengenezwa katika chembe ndogo sana, teknolojia ya nano.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mdogo wangu yuko mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dodoma, anasoma kemia. Aliposikia neno hilo akafungua simu akatusomea kwamba chembe za nano zikiingizwa kwenye mshipa, nyingi huishia kwenye ini, na kuna panya walioharibika maini kwa ajili hiyo. Akasema, "Dada, baba hana ini la kufanyiwa majaribio." Mama akaanza kulia. Tarehe ya dripu ikapita, hatukwenda.

Wakati tunabishana, baba mdogo akaja na chupa aliyouziwa kwenye semina ya watu wa biashara ya mtandao, shilingi 130,000. Imeandikwa "nano" kwa herufi kubwa. Ndani wanasema kuna manjano, pilipili manga na chembe za fedha. Anywe matone 20 asubuhi na jioni, na aweke kando vidonge vya hospitali kwa siku 21 ili "ini lipumzike". Baba anamheshimu sana mdogo wake, akakubali. Leo ni siku ya nane. Anasema anajisikia mwepesi, ila tangu juzi naona macho yake yana unjano. Mama anasema ni jua la shamba.

Mama, naomba unisaidie. Dripu ile ni hatari kwa mtu mwenye ini kama la baba? Kwa nini wasimwongezee damu tu yaishe? Na chupa ya baba mdogo, kwa kuwa ni ya mimea, tuiache aendelee nayo? Nikimkatalia baba mdogo nitaonekana sina adabu.

Mwanao, Kibaigwa

---

Marahaba mwanangu, na poleni sana wote hapo nyumbani.

Maneno ya kwanza nilikutumia kwa simu siku ile ile niliyosoma barua yako, maana hayakuwa ya kungoja zamu ya safu. Nayaweka hapa kwa sababu najua kuna nyumba nyingine iliyo katika hali kama yenu. Baba apelekwe hospitali kesho asubuhi, chupa iende naye, na tarehe aliyoacha vidonge iandikwe kwenye karatasi. Macho ya njano kwa mtu mwenye ini lenye makovu hayasababishwi na jua. Tenofoviri ndiyo inayomkandamiza kirusi. Ikiachwa ghafla, kirusi kinaweza kurudi kwa nguvu ndani ya wiki chache, na ini ambalo halina akiba linaweza kushindwa kabisa. Propranololi nayo inapunguza msukumo kwenye ile mishipa iliyopasuka. Kwa hiyo yule muuzaji aliyesema ini lipumzike amemwondolea mzee vitu viwili vilivyokuwa vinamlinda. Kuhusu kurudia vidonge, mpigieni daktari wake leo leo awaelekeze, na asimeze dozi mbili mbili kufidia zilizopita. Mkimwona anachanganyikiwa, analala mchana na kukesha usiku, au choo kimekuwa cheusi kama lami, msingoje asubuhi.

Umeniambia mmeshafika wodini. Vizuri. Sasa tuzungumze hayo mengine kwa nafasi.

Nianze na mdogo wako, maana ndiye aliyesoma. Asizomewe. Alichokisoma ni kweli: chembe za nano zikiingia kwenye damu kwa sindano, ini ndilo huzikamata kwa wingi kuliko kiungo kingine, likifuatiwa na wengu. Ndani ya vimishipa vyembamba vya ini kuna seli za ulinzi ziitwazo seli za Kupffer, ambazo kazi yake ni kumeza takataka, bakteria na vipande vya seli nyekundu zilizozeeka. Chembe ya nanomita 50 au 100 inapopita, seli hizi huichukulia kama takataka nyingine na kuimeza. Hazijui kama ni dawa. Kwa kulinganisha tu, unywele wa binadamu una unene wa nanomita kama 80,000, na kirusi chenyewe cha homa ya ini B kina nanomita 42. Maana yake mzee amekuwa na chembe za nano ndani ya ini lake kwa miaka mingi, na hizo ndizo zilizolifikisha hapo lilipo.

Sasa ini lenye makovu linafanyaje? Hapa ndipo pana jambo ambalo panya wa mdogo wako hawakumweleza, kwa sababu wengi wa panya hao walikuwa na maini mazima. Wewe unakaa kwenye barabara kuu, umeona malori yanavyopanga foleni kwenye mzani. Foleni ikizidi, wapo wenye haraka wanaochepuka kupita njia za panya. Makovu yanabana njia za damu ndani ya ini, msukumo unapanda, na damu iliyotakiwa kupita pale inatafuta njia za kando. Ile mishipa ya kooni iliyopasuka usiku ule ni mojawapo ya njia hizo za panya. Damu inayopita huko haionani na seli za Kupffer, na seli zenyewe katika ini la namna hiyo hazifanyi kazi kwa nguvu ya zamani. Matokeo yake chembe hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi, na sehemu kubwa zaidi huishia kwenye wengu, kwenye uboho wa mifupa, na pengine kwenye mapafu. Hili si la kubahatisha. Madaktari wa picha za mionzi wanalijua kwa miongo mingi: wakimpa mgonjwa chembe ndogo zenye teknesi, madini ya mionzi yanayoonekana kwenye picha, mwenye ini zima picha yake hung'aa kwenye ini, na mwenye ini lenye makovu picha yake hung'aa kwenye wengu na uti wa mgongo.

Kwa hiyo swali lenu ni la haki. Dawa ya nano iliyopimwa kwa watu wenye maini mazima haiwezi kuchukuliwa kuwa itafanya vilevile kwa mzee, na ukweli usiopendeza ni kwamba majaribio mengi ya dawa huwaacha nje watu ambao ini lao limekwisha kushindwa, wale wanaowekwa daraja C, la mwisho katika madaraja A, B na C ya ukali wa ugonjwa wa ini. Kuna dawa moja ya saratani ya ini iliyotengenezwa Ufaransa, doksorubisini ndani ya chembe za nano. Wagonjwa wa saratani ya ini wengi wana makovu ya ini pia. Mwaka 2008 jaribio lake lilisimamishwa kwa sababu baadhi ya wagonjwa walipata madhara makali ya mapafu. Mapafu, si ini! Walipoirudisha, waliipitisha polepole kwa muda wa saa 6 badala ya haraka, na hali ya usalama ikawa nzuri zaidi, ila mwaka 2017 ikaonekana haiwaongezei wagonjwa maisha. Nyingine, ya Marekani, iliyobeba kipande cha chembe urithi ndani ya mafuta, ilisitishwa mwaka 2016 baada ya kinga za wagonjwa kadhaa kuwashambulia wenyewe, na wengine walifariki.

Nimeyasema haya makusudi kabla sijaitetea dripu, ili mdogo wako asidhani namfunika macho.

Lakini kukamatwa na ini ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni nini kinatokea baada ya kumezwa, na hapa chembe moja na nyingine zinatofautiana kama mbingu na ardhi. Kuna mfano mbaya kuliko yote katika historia ya udaktari. Kati ya miaka ya 1930 na 1950 hospitali za nchi nyingi zilikuwa zinadunga dawa ya picha iitwayo Thorotrast, chembe ndogo za oksidi ya thoriamu. Picha zilitoka safi sana. Seli za Kupffer zilizimeza chembe zile zikashindwa kuzisaga, hazikuwa na mlango wa kutokea, na thoriamu ni ya mionzi. Miaka 20 hadi 30 baadaye watu wale wakaanza kupata saratani ya ini. Hapo ndipo watu walipojifunza kwamba chembe isiyoyeyuka ikishakaa kwenye ini, hakuna wa kuitoa.

Chuma cha dripu hakiko hivyo. Kiini chake ni chuma, kimefunikwa gamba la sukari ili kisitoke chote kwa mkupuo na kusumbua mwili. Seli za ulinzi zinakimeza, zinalisaga lile gamba, zinatoa chuma kidogo kidogo, na chuma hicho kinachukuliwa na damu kupelekwa kwenye uboho kutengeneza seli nyekundu. Kumezwa kule ambako mdogo wako alikuogopa ndiko kunakoifanya dawa ifanye kazi. Seli hizo hizo kila siku zinasaga seli nyekundu zilizozeeka na kurudisha chuma chake, ni kazi ziliyoizoea. Dawa za kundi hili si ngeni pia. Chuma sukrosi iko kwenye soko la Marekani tangu mwaka 2000, na watu wa figo wanaitumia sana.

Je, ini bovu linaiharamisha? Hapana, lakini linaiwekea masharti, na maelezo ya watengenezaji yanasema wazi kwamba mwenye tatizo la ini apewe baada ya daktari kupima faida na hatari. Hatari kuu si unano wake, ni chuma chenyewe. Chuma kikizidi kinaliunguza ini, na baadhi ya maini yenye makovu tayari yamejilimbikizia chuma. Ndiyo maana huwezi kumpa mtu kwa kuangalia HB pekee. Lazima ithibitike kwamba chuma kweli kimeisha. Kwa mtu mzima wa kawaida tunapima feritini, protini inayohifadhi chuma; ikiwa chini jibu limepatikana. Kwa mzee mambo hayanyooki, kwa sababu feritini hupanda ini linapovimba hata kama ghala la chuma ni tupu, na transferini, protini inayobeba chuma, inatengenezwa na ini hilo hilo kwa hiyo huwa pungufu. Daktari anayejua kazi yake anavisoma vyote viwili pamoja na historia ya kutapika damu. Muulizeni tu, kwa adabu: "Dokta, kipimo cha chuma kimeonyesha nini?" Kama hakijafanyika, ombeni kifanyike kabla ya dripu.

Mwambieni pia kama mzee aliwahi kunywa pombe za kienyeji zilizopikwa kwenye mapipa ya chuma. Najua swali hili litamkera mama yako. Kusini mwa Afrika ugonjwa wa chuma kuzidi mwilini kwa njia hiyo unajulikana tangu zamani, na daktari hawezi kuukisia kwa kumtazama mgonjwa usoni.

Sharti lingine ni maambukizi. Bakteria wanapenda chuma, na maji ya tumboni ya wagonjwa wa ini hupata maambukizi kirahisi. Kama mzee ana homa au tumbo linamuuma akiguswa, dripu isubiri mpaka hilo litibiwe. Na sasa hivi, kwa kuwa macho yana unjano na vidonge vilikuwa vimeachwa, nadhani nao wataisogeza mbele mpaka wajue bilirubini, ile rangi ya damu inayoleta unjano, imefika wapi. Msione ni ubishi wenu umeshinda.

Siku ya kupewa, jua jina la dawa. Chuma sukrosi kwa kawaida hupewa kidogo kidogo, miligramu 200 kwa mara, kwa hiyo mtarudi mara kadhaa na nauli ya Kibaigwa mnaijua wenyewe. Chuma karboksimaltosi, aina nyingine ya dripu hiyo, inaweza kufika miligramu 1,000 kwa mkupuo, lakini inaweza kushusha madini ya fosfeti kwenye damu, mtu akabaki mchovu na mifupa kumuuma huku familia ikidhani dawa haijafanya kazi. Aina zote hizi mara chache huleta mzio mkali. Ni mara chache, ila ukija unakuja haraka, kwa hiyo inatolewa mahali penye dawa za dharura, na mgonjwa anakaa chini ya macho ya nesi kwa angalau dakika 30 baada ya dripu kwisha. Msikubali kuletewa dripu hiyo nyumbani na mtu wa duka la dawa, hata awe jirani mwema kiasi gani.

Mtaniuliza kwa nini asipewe vidonge vya chuma vya kawaida ambavyo ni rahisi. Wengine hupewa. Ila vidonge vya chuma vinafanya choo kuwa cheusi, na kwa mtu aliyetoka kutapika damu, choo cheusi ndicho kengele yetu ya kwanza kwamba anavuja tena ndani. Mkizoea kuona weusi wa vidonge, siku ya weusi wa damu mtalala usingizi.

Na kwa nini wasimwongezee damu mpaka ijae: daktari wenu alifanya sawasawa. Mishipa ile hupasuka kwa msukumo. Ukiongeza damu kupita kiasi unaongeza msukumo, na mshipa uliofungwa jana unaweza kufumka leo. Ndiyo maana kwa wagonjwa wa namna hii madaktari hulenga HB ya 7 hadi 8 kisha wanaacha mwili uendelee wenyewe, ukipewa chuma cha kujengea. Mlidhani wamemnyima. Wengi hudhani hivyo.

Tuje kwa baba mdogo na chupa yake.

Ninachokiona cha ajabu ni kwamba nyumba nzima ilikataa nano yenye jina, kipimo na nesi wa kuisimamia, ikakubali nano isiyo na kimojawapo. Sisemi hivi kuwacheka. Dripu ilikuja na maneno magumu, chupa ilikuja na ndugu.

Manjano ya kwenye pilau hayana neno, mzee ale. Manjano ya chakula huingia kwenye damu kidogo sana, mengi hutoka kama yalivyoingia. Pilipili manga iliyokolezwa, pamoja na teknolojia ya nano, kazi yake ni kuvunja kizuizi hicho ili kiini cha manjano kiingie kwa wingi, na kinapoingia kwa wingi kinapita wapi? Mwaka 2022 watafiti wa Marekani wanaofuatilia dawa zinazoumiza ini walitoa taarifa ya watu 10 ambao ini lao liliumizwa na vidonge vya manjano. Watano walilazwa, mmoja alifariki kwa ini kushindwa, na kadhaa walikuwa wanatumia zile zilizochanganywa na pilipili manga. Ni watu wachache ukilinganisha na wanaotumia, nakubali. Ila mzee wenu hana ini la kuingizia kwenye bahati nasibu hiyo.

Chembe za fedha ndizo zinazonitia hasira. Marekani walikwisha kutamka mwaka 1999 kwamba dawa za fedha za kunywa zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na faida. Fedha ikikusanyika mwilini hubadili ngozi kuwa ya kijivu-bluu na rangi hiyo haitoki. Na njia kuu ya mwili kuitoa fedha ni kupitia nyongo, na nyongo inatengenezwa na ini. Mtu ambaye macho yana unjano ni mtu ambaye njia hiyo tayari ina shida. Ungetaka kubuni kitu cha kutompa mgonjwa huyu, ungefika hapo hapo.

Na hatujui kama ndani ya chupa kuna hivyo vilivyoandikwa. Makao makuu ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yako hapa hapa Dodoma. Mdogo wako ana miguu na nauli ya daladala ni ndogo, aichukue chupa, au picha ya lebo zote kama hospitali wameibakiza chupa, akawaulize kama dawa hiyo imesajiliwa, na hapo hapo atoe taarifa ya unjano wa mzee. Taarifa za madhara wanazipokea kutoka kwa mtu yeyote, si lazima uwe daktari.

Kuhusu adabu. Baba mdogo alitoa shilingi 130,000 zake kwa upendo, hilo mlitambue mbele ya watu. Usimkabili wewe. Mwombeni afuatane nanyi kliniki, daktari amweleze mwenyewe akiwa amekaa kama mkubwa wa familia, na kazi ya kuhakikisha mzee anameza tenofoviri kila jioni akabidhiwe yeye. Nimeona wazee wakali wa Kigogo wakiwa wasimamizi wa dawa hodari kuliko manesi, mradi wawe wamepewa cheo.

Mdogo wako asije akatoka hapa na kanuni mpya kwamba nano ya hospitali yote ni halali. Kila moja ina hesabu yake. Doksorubisini iliyowekwa ndani ya vifuko vya mafuta, ambayo Marekani waliiruhusu mwaka 1995, hupunguzwa dozi bilirubini ikifika miligramu 1.2 kwa desilita, kiwango ambacho mgonjwa haonekani hata na unjano. Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, iliyofungwa kwenye albumini, protini ya damu, haishauriwi kabisa bilirubini ikizidi mara 5 ya kawaida. Upande mwingine kuna amfoterisini ya vifuko vya mafuta, inayotumika kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi kwa wenye VVU, ambayo iliwekwa kwenye vifuko hivyo ili isiziumize figo kama ile ya zamani. Na chanjo za Uviko za Pfizer na Moderna zina chembe za mafuta za nano, na vyama vya madaktari wa ini vya Ulaya na Marekani viliwahimiza wagonjwa wa ini wachanjwe. Kwa hiyo akisikia tena neno hilo, aulize: chembe imebeba nini, inayeyuka au inabaki, nani ameipima kwa watu wenye ini la daraja la baba, na nani ataangalia damu yake baadaye. Daraja lenyewe mliulizie, A, B au C. Liandikwe kwenye daftari lake la kliniki, maana karibu kila dawa atakayopewa maisha yake yote itategemea herufi hiyo. Ila diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya kiuno, ni tofauti. Hiyo asiiguse.

Mambo mawili hukuniuliza, nami nayasema.

La kwanza, wewe na wadogo zako na mama yenu, mmepimwa homa ya ini B? Barua yako haisemi. Kirusi hiki mara nyingi hupita ndani ya familia. Mkipimwa, asiye nacho na asiye na kinga achanjwe sindano tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Na chanjo hiyo, mdogo wako atafurahi kusikia, ni chembe ya nanomita 22 iliyotengenezwa kwa ganda la kirusi bila kirusi ndani. Watoto wetu wanapewa ndani ya pentavalenti, chanjo ya magonjwa matano, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na hakuna aliyewahi kuniandikia kuiogopa.

La pili linakuhusu wewe kama mfanyabiashara. Karanga. Mwaka 2016 hapa Dodoma na jirani zetu Manyara watu wapatao 20 walifariki kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, ini likiharibika kwa siku chache. Sumukuvu na kirusi cha B vikikutana kwenye ini moja, hatari ya saratani haijumlishwi tu, inazidishwa. Zile karanga zilizosinyaa na kuota ukungu ambazo huwa mnazitenga kwenye mzigo kwa sababu mnunuzi atazikataa, najua pa kwenda kwake: zinasagwa kwa matumizi ya nyumbani, zinaungwa kwenye mlenda. Mwanangu, usimpe baba yako. Usimpe mtu. Mahindi yenye ukungu yasikobolewe kwa ajili yake, na usidhani kuchemsha kunaiua sumu ile, moto wa jikoni hauiwezi.

Majibu ya chuma na bilirubini yakitoka, nipigie picha karatasi unitumie pamoja na jina la dripu waliyochagua. Ukikuta wameandika kitu usichoweza kukisoma, mwombe mfamasia wa wodi akuandikie kwa herufi kubwa. Ni kazi yake, hutakuwa umemsumbua.

Mama Mfamasia